Shimo ya Chini ya Kitanda

Mi nilikosa usingizi miaka kumi na ine. Bibi yangu, mama ya batoto yangu, anasema ni saba. Bon, tuseme kumi, tusianze kugombana mapema vile. Hakuna wivu yenye ilinikosesha kulala, hakuna mwizi, hakuna mutoto wa kulia. Ilikuwa ngozi. Hii ngozi yenye Mungu alinivalisha bila kunipima.

Ilianza ku mukono, pale kwenye mukono inajikunja, upande ya inje. Kaalama kadogo, nyekundu, sawa kifungo ya shati. Nikasema ni mbu. Kisha wiki mbili ile mbu ilikuwa imezaa batoto na bajukuu: ku magoti, ku mugongo, ku tumbo, mu kichwa katikati ya nywele. Ngozi inakuwa nene, inapasuka, na juu yake kunaota magamba nyeupe yenye kung'aa. Ukigusa kidogo, inaanguka. Asubui bibi yangu alikuwa anafagia kitanda mbele ya kufagia nyumba. Mi namuambia, "Mama, usitupe, weka mu saki. Siku unga itakosekana tutapikia bukari." Alikuwa anacheka mpaka anaacha fagio. Ile wakati alikuwa angali anacheka.

Muchana haikuwa mubaya sana. Muchana kuko kazi, kuko makelele, ngozi inasahau kama iko ngozi. Lakini jua ikishuka tu, yeye njo anaamuka. Unalala ubavu, inakuwasha ku kisigino. Unakuna kisigino, mugongo inasikia wivu. Unakuna mugongo, magoti inauliza, na shiye je? Ni sawa batoto ya nyumba moja: ukimupa mumoja mukate, bote banalia. Nilikuna na kucha, nikakuna na kichana, nikakuna na ile muti ya ndani ya muhindi kisha kutosha mbegu. Siku moja nilikuna mugongo ku kona ya ukuta mpaka jirani akapiga ukuta ya kwake, akapaza sauti: "Tata, kama unajenga, ungoje asubui!" Jua ikitoka, dra yenye nililalia iko na damu sawa tulichinja mbuzi mu kitanda. Na mbuzi yenyewe ni mi.

Muntu mwenye halalake, muchana yake nayo inaharibika. Nililala juu ya saki, nililala ku foleni ya maji. Ku kilio ya jirani nililala nimesimama, macho imefungwa, kichwa chini, na bantu bakasema: angalia huyu tata, alimupenda marehemu sana. Nilikuwa mukali pia. Batoto yangu, mi mwenye kuchekesha hata kuku, balianza kupita mbele yangu polepole sawa kuko mbwa amefungwa pale.

Bibi yangu alivumilia. Kisha siku moja, bila ugomvi, alikamata muto yake na kikwembe yake ya kujifunika, akaenda kulala mu shambre ya batoto. Hakufunga mulango kwa nguvu. Angefunga kwa nguvu, ningejua ya kufanya, ningekwenda kuomba musamaha. Lakini alifunga polepole, sawa vile unafungaka mulango ya muntu mwenye kulala, na mi sikuwa nalala.

Nikajiambia: ni magamba. Mwanamuke gani anaweza kulala na samaki? Sikumuuliza. Baba zetu balitoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba huku, balitufundisha mambo mingi, lakini kuuliza bibi neno sawa ile habakutufundisha. Balitufundisha kula bukari na kunyamaza.

Tangu ile siku nilikuwa nataka kintu moja tu mu dunia yote: bibi yangu arudie ku kitanda. Bantu ya Kolwezi banatakaka motokari, banatakaka manjanja, mabati mupya juu ya nyumba, banatakaka kobalti. Mi nilikuwa nataka muguu ya baridi. Bibi yangu eko na miguu ya baridi hata mwezi ya kumi, wakati manjanja inachemuka juu ya kichwa; alikuwa anaitia katikati ya miguu yangu bila kuomba ruhusa, na mi nalalamika kila siku. Ah, kama ningejua! Na alikuwa anasimulia. Habari ya soko, habari ya korali ya kanisa, nani alivaa nini, na katikati ya habari usingizi inamukamata. "Njo yule mama akamuambia bwana yake kama..." Basi, amelala. Mi nabakia macho wazi mpaka asubui, nangoja kujua yule mama alisema nini. Mara ingine asubui amesahau. Kuko habari mia ya Kolwezi yenye mi sijajua mwisho yake mpaka leo.

Ile wakati nilikuwa nauzisha mukate. Napakia mikate mu kitunga nyuma ya kinga, baiskeli yangu, napiga pedale mbele jua haijatoka, natembea mutaa yetu ya Kasulo yote napiga kengele. Nilikuwa najulikana kupita burgumestre, mukubwa wa serikali ya pale. Kisha ngozi ikafika ku bidole. Bantu balianza kuangalia mukate, kisha banaangalia mukono, kisha banarudia mukate. Mama moja, muntu wa heshima, akaniambia, "Tata, leo tutamaliza bukari ya jana." Kesho yake: "Tata, leo batoto banafunga." Batoto ya miaka mine, banafunga! Nikaelewa. Muntu hakuambiake kama anaogopa mukono yako. Anakuambia kama ameshiba.

Njo nikaanza kuuzisha makala. Makala ni rafiki ya kweli, haiulizake muntu ngozi. Ikifika saa mbili ya asubui, ku depo mikono ya bote iko rangi moja: ya kwangu, ya jirani, ya ule mwenye anajionaka muzuri kupita bote. Vumbi yake inakausha ngozi, sikatae, magoti yangu ilikuwa inapasuka sawa matofali yenye haikuiva. Lakini bantu balianza tena kushika mukono yangu. Tunapima saki, tunagombana, tunatukanana kidogo, sawa bantu.

Ku kanisa njo ilikuwa ngumu. Padri akisema tupeane amani, bote banageuka kulia, banageuka kushoto, na mi nabakia na mukono mu hewa sawa muntu mwenye anasimamisha pikipiki ya wewa na wewa bote bamejaa bantu. Kiti murefu muzima ilikuwa ya mi peke yangu. Hata gavana hana nafasi vile mu nyumba ya Mungu. Shati nyeusi niliacha kuvaa, juu magamba inaanguka ku mabega na jirani anafikiri nilipita ku kinu ya unga. Bibi yangu alikuwa anaimba mu korali, kule mbele. Kila siku ya Mungu, wakati ya amani, alikuwa ananiangalia kutoka kule. Mi nilikuwa naangalia biatu.

Nilikwenda lopitali. Munganga, kijana wa miwani, akaniangalia mugongo, akaita benzake batatu baje kuangalia nabo. Nikasikia sawa niko sinema. Akanieleza vizuri, na sauti ya heshima: si ukoma, si buchafu, si bulozi, haiambukizake muntu hata akikukumbatia mwezi muzima. Ni mwili yenyewe inatengeneza ngozi mbio kupita lazima.

"Haiponake kabisa, tata," akasema. "Inakwenda, inarudi. Utaikala nayo."

"Sawa vile banaikalaka na shemeki," nikamuambia.

Hakucheka. Munganga mwenye hana shemeki mu nyumba hawezi kuelewa.

Alinipa pomadi, akaniambia nipake mafuta kila siku, nisikune, nisiwaze mingi, nilale vizuri. Nilale vizuri! Ni sawa kumuambia muntu wa njaa ajaribu kushiba. Pomadi ilisaidia, siwezi kuisema mubaya. Lakini ikiisha mu kopo, ngozi inarudi na ndugu zake. Ile siku nilitembea na miguu kutoka lopitali mpaka nyumba nikifundisha kinywa yangu neno moja ya kumuambia bibi: haiambukizake. Nikaingia, nikamukuta anachambua majani ya sombe. Nikafungua kinywa. Nikasema, "Makala ya leo iko na maji."

"Uianike," akasema.

Njo ile tuliongea.

Bon, sasa shemeki. Ni ndugu mudogo ya bibi yangu, krezere, kazi yake kuchimba kobalti na mikono: leo Mutoshi, kesho mahali pengine, na siku yenye hana bahati anakuja kulala mu salo yetu. Alikuwa hana bahati mara mingi. Kwetu bantu ya Kasai, ndugu ya bibi hakatazwake kintu. Ni kwabo njo ulipeleka mbuzi siku ya ndoa, na mbuzi haijaishaka. Akisema anasikia njaa, wewe unakula kidogo. Akisema kiti yako ni muzuri, unasimama. Na ile miaka Kasulo yote ilikuwa inajichimba. Muntu anachimba choo, anakuta matieri, yale mawe nyeusi ya kobalti. Jirani anasikia, anachimba jikoni. Mwingine anachimba salo, anaweka kapeti juu. Ukialikwa kwa muntu, unauliza kwanza nikanyage wapi.

Siku moja asubui shemeki aliingia mu shambre yangu kuomba sabuni, akakuta jua inapiga ku dra. Tangu bibi alihama nilikuwa nafagia kitanda mi mwenyewe, na mi niko mufagiaji mubaya. Magamba ilikuwa inang'aa. Akainama, akakamata moja na bidole mbili, akaipeleka ku dirisha, akaigeuza-geuza sawa vile banageuzaka jiwe ku depo.

"Shemeki, hii kitanda iko hapa tangu lini?"

"Tangu ndoa."

"Haijatoka mahali yake?"

"Itakwenda wapi? Iko na ndugu ya kusalimia?"

Akaikala ku kitanda. Akatosha sauti ya padri.

"Mulima yenye iko na shaba, miti inaotaka juu yake?"

"Haiotake. Ni majani tu, na yale maua."

"Juu ya nini?"

"Juu shaba inaunguza mizizi. Hata mutoto anajua."

"Na ule muti wenye umejaribu kuota pale kwa kichwa ngumu, ngozi yake iko namna gani?"

Nikaangalia mikono yangu.

"Iko na magamba," nikasema.

"Shemeki, wewe si mugonjwa. Wewe ni muti. Ulilala juu ya matieri miaka kumi."

Cheka, cheka. Wewe hukuzaliwa Kolwezi. Shiye huku tunajua toka utoto kama kintu ya chini inaonekanaka juu: ku majani, ku maua, ku rangi ya udongo. Wazungu nao njo vile balitafutaka. Ule munganga wa miwani alinieleza mambo ya ndani ya mwili yenye sijaona na macho. Shemeki alinionyesha mulima, na mulima naionaka kila siku.

Na mi sikuwaza kobalti hata kidogo. (Bibi yangu anasema niliwaza. Bon, kidogo.) Niliwaza hivi: tukitosha ile sumu chini ya kitanda, ngozi itapona, na ngozi ikipona, muto ya bibi yangu itarudi. Njo maana nilimuambia shemeki, "Leta barmina, ile chuma yako ya kuchimba."

Tukianza kupasua sima, ile saruji ya chini, bibi yangu alikuja kusimama ku mulango, mikono ku kiuno.

"Munavunja shambre yangu?"

Alisema yangu. Roho yangu ikaruka sawa chura.

"Ni ya dawa, Mama."

"Dawa ya nini?"

"Ya ngozi. Nitakueleza. Mi niko muti."

Akaangalia ndugu yake. Akaniangalia mi. "Mungu alinipa banaume babili," akasema, "akasahau kugawa akili hata ku mumoja." Akaenda kupika. Lakini ile siku alipika mingi.

Tulisogeza kitanda ku ukuta, tukachimba wiki tatu. Shemeki anapiga barmina, mi navuta udongo na ndoo na kamba. Tulifika mita makumi tatu. Kule chini nilikuwa nasikia bantu banaongea kizungu. Bibi yangu anasema mita ine, na ile kizungu ilikuwa redio ya jirani. Tulipata udongo nyekundu, kisha udongo nyekundu, kisha, ya kushangaza, udongo nyekundu. Siku moja jiwe nyeusi ikatokea. Shemeki akapiga magoti, akaibusu, akaniita kwa sauti ya machozi. Ilikuwa makala. Makala yangu mwenyewe, ilianguka kutoka mu mufuko ya suruali.

Akapanguza mudomo. Akasema shimo yenye haina kintu haina rafiki, na kesho yake akaenda Mutoshi. Aliniachia shimo, ngazi ya miti, na nyundo yake yenye alisahau kule chini.

Ngozi haikupona. Bibi hakurudi. Sasa shambre yangu ilikuwa na kitanda tupu upande moja na shimo tupu upande ingine, na mi katikati, sijui nianguke wapi.

Mwezi ya kumi ikafika, ile joto ya mbele ya mvua, vumbi ya Kingamyambo, kule banamwagaka mabaki ya shaba, mu pua. Joto na ngozi yangu ni mapacha, moja ikilia ingine inalia. Siku moja mangaribi nilishuka kutafuta ile nyundo. Ndugu zangu! Kule chini kulikuwa baridi. Si baridi ya kutetemesha, ni baridi ya mutungi, udongo iko na maji kidogo sawa ngozi ya mutoto kisha kuoga. Nikatosha shati, nikaegemeza mugongo ku ukuta ya shimo. Ilikuwa sawa mama yangu ameweka mukono. Mugongo ikanyamaza. Magoti ikanyamaza. Kichwa ikanyamaza. Nikasema nipumuzike dakika moja, kisha nitafute nyundo.

Niliamuka jogoo zinaimba. Nyundo ilikuwa chini ya matako yangu usiku muzima na sikuisikia.

Nilipanda ngazi nalia. Muntu muzima, mufanya biashara wa makala, machozi inachora njia mu vumbi ya uso. Chai ya ile asubui nilikunywa sawa ni ya kwanza mu maisha. Nilisikia ndege. Sikujua kama Kasulo kungali ndege.

Basi nikahamia mu shimo. Nikashusha mukeka, kisha muto, kisha redio. Nilinenepa. Ku depo nilianza tena kuchekesha bantu, na banauliza, "Tata, dawa ulipata wapi?" nasema, "Chini." Chakula ikiiva, batoto banakuja kuita ku mukingo, "Tata, bukari!" na natokea sawa panya, banapiga makofi. Balianza tena kunikimbilia.

Lakini nitakuambia neno moja bila kuiongeza. Nilikuwa nalala sawa mufalme, naamuka sawa mujane. Zamani nilikuwa nakosa usingizi na nakosa bibi, maumivu ilikuwa mbili, zinasukumana. Sasa usingizi ilikuwa imerudi, na yeye njo alibakia peke yake mu maumivu, amejinyoosha, amechukua nafasi yote. Mbele ya kulala nilikuwa nasikia hatua yake kule juu. Anakuja mpaka ku mulango ya shambre, anasimama, anarudi. Nikafikiri anakuja kuangalia kama nilizima taa.

Siku ya Mungu moja, kisha misa, nilikula vizuri, nikashuka kupumuzika. Mawingu ilikuwa inajikusanya tangu asubui. Sikuijali. Usingizi ilikuwa tayari imenishika mikono na miguu wakati nikasikia sauti yake juu.

"Tata."

"Mm."

"Tata, toka. Mvua inakuja."

"Mvua inaahidiaka kila siku. Acha nilale."

"Iko inakuja ya kweli. Udongo ikilowa itakufunga mule. Toka."

"Mama, niache!"

Nikafikiri ameenda. Kisha udongo kidogo ikaniangukia ku kichwa. Nikaangalia juu: alikuwa ameikala ku mukingo ya shimo, na kikwembe yake ya korali, miguu inaninginia.

"Njo ile," akasema.

"Njo ile nini?"

"Ile neno. Njo yenye ilinitosha ku kitanda. Kila usiku nilikuwa nashika mikono yako, usijipasue. Na kila usiku unanisukuma: niache, niache, toka hapa. Nikavumilia, nikasema ni ugonjwa. Lakini, Tata, muntu akifukuzwa kila siku, mwisho anaenda."

"Mi? Ah, Mama, ile nilisema mu usingizi!"

"Usingizi gani? Wewe ulikuwa na usingizi?"

Nilitafuta mu kichwa, na nikaikuta ile neno kweli, imelala pale, na sauti yangu ndani yake. Nilikuwa naisemaka ku ngozi, mi nafikiri. Ngozi, niache. Lakini ku kitanda hakukuwa ngozi peke yake.

"Nilifikiri ni magamba," nikasema.

"Magamba gani?"

"Yenye ilikukimbiza."

"Mi? Miaka yote mi njo nafagia magamba, niogope magamba? Mi nakula samaki ya kapenta na bichwa yake!"

"Munganga alisema haiambukizake."

"Nani alikuuliza kama inaambukizaka?" Akapanguza pua na kona ya kikwembe. "Na sasa siwezi kulala mi. Zamani nilikuwa nasikia unakuna, hata kupitia ukuta, najua uko. Sasa hakuna kintu. Kila usiku nakuja kusimama ku mulango pale, nasikiliza kama unapumua. Nitakuwa na bwana sawa maiti mpaka lini?"

Matone ya kwanza ikapiga manjanja. Moja. Mbili. Kisha mingi, sawa muntu amemwaga saki ya mahindi. Nikaweka mukono ku ukuta ya shimo, ile baridi yangu. Mi sikuwa nachagua kati ya kintu mubaya na kintu muzuri. Ile ni rahisi, hata shemeki angeweza. Chini kulikuwa usingizi. Juu kulikuwa yeye.

"Unatoka ao nashuka?" akauliza. Akageuka, akatia muguu ku ngazi kweli. Ile ngazi, mi naijua, ni ya kubeba muntu moja, na muntu mwenyewe asiwe amekula.

"Simama pale!" nikapiga kelele. "Natoka!"

Nilimaliza tu kuvuta mukeka na maji ikapita chini ya mulango, ikashuka mu shimo nayo bila kuomba ruhusa. Mvua ilinyesha mpaka mangaribi. Tulikuwa tumeikala ku kitanda shiye babili, tunaangalia, wakati ukuta moja ya shimo iliachia. Haikupiga kelele mingi. Ilisema pwa, sawa ng'ombe mwenye kulala. Ni upande yenye nilikuwa naegemeza mugongo. Bibi yangu akasimama, akaenda kutafuta lupao ya kuchota udongo.

Ilituchukua siku ine kurudisha udongo. Shemeki hakuja, bashemeki banajuaka kuchimba, kufukia haiko kazi yabo. Bibi yangu anajaza ndoo, mi namwaga. Kila ndoo nilikuwa najua ni usiku moja ya kulala njo nafukia. Anasema nililia. Ilikuwa jasho. Pale sipunguze hata kidogo.

Kisha tukarudisha kitanda mahali yake, na yeye akarudisha muto. Udongo ya chini ilikuwa ingali laini, kitanda ikainama upande ya kwangu, akaniangukia muzima muzima. Akanipaka mafuta mugongo yote, anaguna, anasema mugongo yako ni kubwa sawa karieri ya shaba. Akakamata mikono yangu yote mbili, akaifunga ku kifua yake, akaanza kunisimulia ugomvi ya soko, na mbele ugomvi haijaiva alikuwa amelala.

Mi sikulala. Joto ilikuwa pale pale, na ngozi ikaanza. Nilitamani shimo mpaka meno ikauma. Hata sasa naitamani. Kuko siku ya mwezi ya kumi, bantu bakiwa inje, naingia mu shambre, najiingiza chini ya kitanda, naweka mugongo ku sima yenye tulirudisha, nasikiliza kama ile baridi inapandaka. Haipandake. Napanguza suruali, narudi ku makala.

Na usiku, bidole yangu ikianza kupigana itoke mu mikono yake, ile neno inapanda mpaka ku ulimi. Naisikia, iko na uzito ya jiwe. Naimeza. Namuambia, "Mama, kaza."

Hata akiwa mu usingizi, anakaza.